Tumbo linapokaza mbele ya wakati: namna ya kujua kama mtoto anakuja kweli

Mama ana mimba ya miezi saba. Amerudi kutoka shambani, na jioni tumbo linaanza kukaza. Linaachilia, kisha linakaza tena. Chini ya mgongo panauma. Jirani mmoja anasema ni uchovu tu, alale. Mwingine anasema mtoto anakuja, atafutwe moto usiku huu huu. Nani ana haki?

Hilo ndilo swali gumu katika habari ya watoto wanaozaliwa mbele ya wakati. Wanawake wengi wanaosikia dalili hizo hawajifungui siku hiyo wala wiki hiyo. Lakini wako wale ambao mtoto yuko njiani kweli, na kwao kila saa ina maana. Kuwatofautisha hawa na wale ndiyo kazi ya mkunga na muganga, na familia pia ina sehemu yake.

Kwa nini swali hili ni zito huku Kashebere

Kashebere iko pale teritwari ya Masisi inapokutana na ile ya Walikale, kwenye barabara inayotoka Sake, inapita Masisi-centre na Nyabiondo na kuendelea upande wa Walikale. Hospitali kuu za rufaa ziko Masisi na Walikale, na Goma ni mbali zaidi. Ukiwa mjini unaweza kusema "tungojee kidogo, tutaona", kwa sababu hospitali iko hapo karibu. Huku, kungoja kunaweza kuwa ni kukosa njia. Mvua ikinyesha, matope yanakamata moto. Pasipopita moto, mgonjwa anabebwa kwa tipoyi mabegani mwa vijana. Na usalama ukiharibika, usiku hautembeki.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na yote mawili yana bei. La kwanza ni kuchelewa: mama anaambiwa apumzike, kisha mtoto wa wiki 30 anazaliwa nyumbani au njiani, hana joto, hana wa kumsaidia kupumua. La pili ni kukimbia bila sababu: familia inauza mbuzi na kukopa pesa ya moto, mama anapita njia ya hatari, anakaa hospitali siku tatu huku watoto wengine wamebaki peke yao, kisha anarudi na mimba yake salama. Mara nyingine dalili zikirudi, mama huyo anaona haya kutoka. Na huenda mara hiyo ndiyo ya kweli.

Mtoto wa mbele ya wakati ni nani?

Mimba kamili huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho ya mwezi. Mtoto aliyezaliwa mbele ya kutimiza wiki 37 huitwa njiti, yaani amezaliwa mbele ya wakati. Lakini njiti wote si sawa. Aliyezaliwa kati ya wiki 32 na 37 mara nyingi anahitaji joto, maziwa ya mama na kuangaliwa kwa karibu. Wa wiki 28 hadi 32 ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu mapafu yake hayajakomaa. Yule wa chini ya wiki 28 ni mgumu sana kuokoa pasipo na mashine.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa mbele ya wakati duniani. Matatizo ya kuzaliwa mapema yanashika nafasi ya kwanza katika mambo yanayoua watoto wasiofikisha miaka mitano.

Dalili zinazomtoa mama nyumbani

Mama ambaye mimba yake haijatimiza wiki 37 asingojee asubuhi akiona moja ya haya:

- tumbo linakaza na kuachilia kwa mpango, tena na tena, hata akipumzika na kunywa maji;
- maumivu ya chini ya mgongo au ya kinena yanayokuja na kwenda;
- anasikia mtoto anasukuma chini, kama anataka kutoka;
- maji yanatoka ukeni, yawe mengi au ya kudondoka tu;
- damu, au ute wenye damu;
- homa pamoja na maumivu ya tumbo;
- mtoto hachezi kama kawaida yake.

Maji, damu na homa havina mjadala: ni kwenda kituo cha afya mara moja. Tumbo kukaza peke yake ndiko kunakodanganya. Tumbo la mimba hukaza mara moja moja kwa kawaida, hasa baada ya kulima, kubeba kuni au kupanda mlima. Hilo la kawaida halina mpango, na likipata pumziko hutulia. Lile la uzazi hufuatana, hukaribiana na kuongeza nguvu. Mwenye simu anaweza kuhesabu kwa saa: limekaza mara ngapi katika dakika 20? Likifika mara nne, au mara nane ndani ya saa moja, si jambo la kulalia.

Wengi hawajifungui, na hiyo ni habari njema yenye shida yake

Hata mama akifika na tumbo linakaza kweli, mtoto si lazima aje. Wataalamu wa uzazi wa Marekani wanaeleza kwamba kati ya wanawake 10 walioambiwa na daktari kuwa uchungu wa mapema umeanza, hakufiki hata mmoja anayejifungua ndani ya siku 7. Kwa wanawake kama 3 kati ya 10, uchungu hutulia wenyewe.

Muganga hufurahi, lakini hapo ndipo shida inapoanza: nani yuko katika kundi lile dogo? Kukisia kwa kuangalia sura ya mama na nguvu ya maumivu hakutoshi. Mwanamke mmoja atalia sana na kurudi nyumbani salama. Mwingine atasema "niko nasikia tumbo inakaza kidogo tu", kumbe mlango wa kizazi umeshafunguka.

Vipimo wanavyotumia kwenye hospitali kubwa

Cha kwanza ni kupima urefu wa mlango wa kizazi kwa ekografi inayoingizwa ukeni. Mlango huo ukiwa mrefu, umefungwa, mtoto hayuko karibu kutoka. Ukifika milimita 30 au zaidi, uwezekano wa kujifungua siku zile ni mdogo sana. Ukiwa chini ya milimita 15, hatari imekuwa kubwa, na mama hubaki hospitalini. Katikati ya hapo ndipo wanapoongeza kipimo kingine.

Cha pili ni kuchukua ute wa ukeni na kutafuta fibronektini. Hiyo ni protini inayofanya kazi kama gundi kati ya mfuko wa mtoto na ukuta wa kizazi. Gundi ikianza kuachia, inaonekana kwenye ute. Kipimo hiki ni hodari zaidi katika kusema hapana: kisipoiona, ni nadra sana mama kujifungua katika wiki moja au mbili zinazofuata. Kikiiona, bado si hukumu. Wengi wenye jibu hilo huendelea na mimba yao. Tena kina masharti yake. Huchukuliwa mbele ya muganga kuingiza vidole, na damu au tendo la ndoa la siku iliyotangulia linaweza kuharibu jibu.

Huko London, watafiti wa King's College walitengeneza programu ya simu iitwayo QUiPP. Inachanganya majibu hayo na historia ya mama, kisha inatoa asilimia ya hatari yake. Ni msaada mzuri, lakini inakula kile ilicholishwa. Pasipo ekografi na pasipo kipimo cha ute, haina kikubwa cha kuhesabu.

Kituo cha afya kisicho na mashine kifanye nini?

Kituo kina mkunga, saa ya ukutani, metro ya kupimia tumbo, spekulumu na fishi ya mama. Navyo vinasema mengi vikitumiwa kwa utaratibu.

*Wiki za mimba.* Hili ndilo swali la kwanza: "Mama, damu ya mwisho uliiona siku gani?" Hesabu ni rahisi: chukua siku ya kwanza ya damu hiyo, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu. Damu ikiwa ilianza tarehe 10 mwezi wa kwanza, kujifungua kunatarajiwa karibu na tarehe 17 mwezi wa kumi. Mtoto akitoka mbele ya tarehe 26 mwezi wa tisa, ni wa mbele ya wakati. Ekografi ya miezi ya mwanzo inahakikisha hesabu. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea wiki tatu, kwa hiyo OMS inashauri ifanywe kabla ya wiki 24. Mama ambaye hakwenda CPN na hakumbuki tarehe anamwacha mkunga gizani: tumbo dogo linaweza kuwa la mimba changa, au la mtoto ambaye hakukua vizuri.

*Historia.* Aliwahi kuzaa mtoto wa mbele ya wakati? Ana mapacha? Mtoto wa mwisho ana muda gani? Mama aliyewahi kuzaa mapema ana hatari zaidi ya kurudia, na dalili zake zisichukuliwe kirahisi.

*Kuangalia kwa spekulumu.* Mkunga anaona kama ni maji, damu au ute, na kama mlango umeanza kufunguka. Kama mfuko wa maji umepasuka, vidole visiingizwe bila sababu, maana vinapeleka mikrobe ndani.

*Kungoja na kuangalia tena.* Hii ndiyo ekografi ya maskini. Kama hakuna maji wala damu na mlango umefungwa, mama anakaa kituoni masaa kadhaa, anahesabiwa kukaza kwa tumbo, kisha anaangaliwa tena na mkunga yule yule ikiwezekana. Mlango usipobadilika na tumbo likitulia, huenda ni uchungu wa uongo. Ukifupika au ukifunguka, jibu limepatikana. Mama aliyefika amefunguka sentimita 3 au zaidi, na tumbo linakaza kwa mpango, hahitaji kipimo kingine cha kumwamini.

*Kutafuta kinachouma.* Malaria, maambukizi ya mkojo na sifilisi vinaweza kuleta uchungu wa mapema, na vyote vina dawa. Kumtuma mama nyumbani bila kupima malaria na mkojo ni kumtuma na moto ndani ya nyumba.

Sindano ya mapafu: dawa nzuri kwa mama anayefaa

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasiwapatie wote dawa, halafu tuache kubahatisha? Jibu lilipatikana kwa njia ya uchungu.

Deksametazoni ni sindano anayopewa mama ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Kwa kawaida ni miligramu 6 kila masaa 12, mara nne. Watafiti waliipeleka mpaka vituo vidogo vya vijijini katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ili kila mama anayeonekana atazaa mapema aipate. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet, na yaliwashtua wengi. Watoto wadogo kabisa hawakuokoka zaidi. Tena, ukichukua watoto wote pamoja, vifo viliongezeka: karibu 27 kwa kila watoto 1000 mahali ilipopelekwa dawa, na 24 mahali pengine. Sehemu kubwa ya wanawake waliochomwa sindano hawakuzaa watoto wadogo. Utabiri ulikuwa umekosea, na dawa ilikuwa imeingia kwa wasioihitaji.

Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine, wa OMS, katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii walichagua: wiki za mimba zilihakikishwa kwa ekografi, na mama alikuwa hospitalini penye huduma ya watoto wachanga. Kati ya watoto waliozaliwa hai, vifo vilishuka kutoka 23.5 hadi 19.6 kwa kila 100. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ni nani alipewa, na wapi.

Ndiyo maana maagizo ya OMS ya 2022 yanaweka masharti. Mimba iwe kati ya wiki 24 na 34 na hesabu yake iaminike. Kuwe na dalili kubwa kwamba mtoto atazaliwa ndani ya siku 7. Mama asiwe na maambukizi. Mahali pawe na huduma ya kutosha ya kuzalisha na ya mtoto aliyezaliwa mapema. Kwa maneno mengine, muganga akikataa kuchoma sindano hiyo, si lazima awe na roho mbaya. Huenda anafuata masharti haya.

Dawa nyingine inayosaidia ni nifedipini, inayotuliza tumbo. Haitibu chanzo. Inanunua muda, siku moja au mbili, ili sindano ifanye kazi na mama afikishwe hospitali. Antibiotiki hufaa mfuko wa maji ukiwa umepasuka au kukiwa na maambukizi. Tumbo likikaza tu, na mfuko ukiwa mzima, hazizuii uzazi. Kulala kitandani wiki nzima nako hakujathibitishwa kuzuia. Na dawa za majani za kufunga au kusukuma tumbo zisijaribiwe, maana kipimo chake hakijulikani.

Kutoka au kutotoka

Mtoto anayesafiri ndani ya tumbo la mama anasafiri vizuri kuliko yule anayesafirishwa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mama mwenye dalili za kweli, ambaye bado ana muda, atoke mapema, mchana, akiwa na karatasi ya rufaa inayoonyesha wiki za mimba, dawa alizopewa na saa alizopewa. Lakini aliye karibu kabisa kusukuma asipandishwe moto. Ni heri azalie kituoni mbele ya mkunga kuliko porini.

Tangu 2025 hesabu hii imekuwa ngumu zaidi. Mwaka huo M23 iliingia Masisi-centre mwezi wa kwanza, kisha Goma, na mwezi wa tatu ikafika Walikale. Vita vinapohama, barabara iliyokuwa ya usalama jana si ya usalama leo, na mama mkimbizi anapoteza hata fishi yake ya CPN. Familia ya mwanamke mwenye hatari, kama yule wa mapacha au aliyewahi kuzaa mapema, inafaa ipange mbele ya dalili kuanza: ataenda wapi, kwa njia gani, nani atabaki na watoto. Nyumba za kungojea uzazi, zinazojengwa karibu na hospitali, zilitungwa kwa ajili ya wanawake hao. Masisi, ambako MSF ilianza kusaidia hospitali kuu tangu 2007, inaujua mpango huo.

Mtoto akija hata hivyo

Utabiri ukishindwa, bado kazi haijaisha. Mtoto akaushwe, afunikwe kichwa, awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge. Hiyo inaitwa njia ya kangaruu. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotoka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanzishwa njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walikufa kwa kiasi cha robo pungufu. OMS sasa inashauri masaa 8 hadi 24 kwa siku. Mama akichoka, baba au bibi anaweza kumpokea. Hata kwenye moto wa kwenda hospitali, hapo kifuani ndipo mahali pake, na maziwa ya mama ndiyo chakula chake.

Ya kushika

Hakuna kipimo, hata cha Ulaya, kinachosema siku na saa mtoto atazaliwa. Vilivyopo vinapunguza kukosea tu. Huku kwetu kinachopunguza kukosea zaidi kinaanza miezi mingi nyuma: tarehe ya damu ya mwisho iliyoandikwa, CPN iliyoanzwa mapema, Fansidar na chandarua juu ya malaria, mkojo na sifilisi vilivyopimwa. Mkunga mwenye habari hizo mkononi, na mama aliyefika wakati dalili ziko changa, wanaweza kuamua pamoja. Na mama aliyerudishwa nyumbani mara ya kwanza asione haya kurudi mara ya pili. Hakuna mkunga mzuri atakayemcheka.